Kisima cha Nyuma ya Yadi ya Dizeli

Chai ile niliimeza kwa heshima tu. Mama aliyenipikia, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alikuwa na kibanda chake Kakuma, kando ya yadi inayohifadhi dizeli ya majenereta. Nilikuwa nimeingia asubuhi hiyo kutoka Lodwar. Kazi yangu ni kupima udongo na maji, na watu walikuwa wamelalamika kwamba kisima cha nyuma ya yadi kinanuka. Nilimwambia sitaki chai. Akasema mgeni hakai hivihivi, akanimiminia.

Alikuwa ameijaza tangawizi na sukari, lakini chini ya utamu ule kulikuwa na ladha nyingine, kama ya kunyonya kitambaa cha fundi wa magari. Ilinigandia ulimini. Nikachungulia kikombeni nikaona viduara vya rangi vikielea.

"Mama, maji umetoa wapi?"

"Hapo kisimani. Maji hii iko mbaya kidogo. Mimi nilifikiria ni mdomo yangu iko gonjwa, mpaka watoto nao wakakataa."

Nilitoka nje nikatema, nikasukutua, nikatema tena. Aliniona, akainamisha uso kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake. Hilo liliniuma kuliko ile ladha.

Meneja wa yadi alinipokea kwa tabasamu. "Shida ni madumu yao," alisema. "Hawa watu wanachota maji kwa madumu ya mafuta, halafu wanasingizia yadi yangu."

Nilichukua chupa ya kioo ambayo haijawahi kutumika, nikaifunga kamba, nikaiteremsha kisimani mbele yake. Ilipanda ikiwa na tabaka juu ya maji, la manjano kama mkojo wa mgonjwa.

"Na hii nayo ilikuwa dumu la mafuta?"

Akasema huenda ni lori lililopita likamwaga.

Basi tukatoboa ardhi, mimi na dereva wangu, kwa chuma kile kinachozungushwa kwa mikono na kupanda na udongo tumboni mwake. Tulianza upande wa juu wa mteremko, kabla ya kulifikia tangi la dizeli lililofukiwa yadini. Udongo ulitoka mkavu, safi, hauna harufu yoyote. Kisha tukahamia kati ya tangi na kisima. Chuma kilipofika kama kimo cha mtu, udongo ulipanda mweusi, ukiteleza kama ini lililooza, na harufu yake katika jua lile la Kakuma ikatupiga usoni. Dereva aliachilia mpini, akaenda ukutani kutapika. Tulitoboa tena na tena kuelekea kisimani, na kila shimo lilikuwa vilevile. Glavu zangu zilinata. Hata mate yangu yalikuwa na ladha ya dizeli.

Mchana meneja alituita ofisini tupumzike kivulini. Chini ya meza yake kulikuwa na katoni za maji ya chupa. Akanipa moja.

"Wewe hunywi ya kisima?" nikamuuliza.

"Mimi? Siwezi. Tumbo langu ni jepesi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, yalipoanza kunuka."

"Na wale akina mama hapo nje?"

"Hawakuniuliza."

Alisema hivyo huku akifungua chupa yake. Nimeona uchafu mwingi katika kazi hii. Kule Kataboi niliwahi kumtoa kisimani mbuzi aliyeoza mpaka miguu ikabaki mikononi mwangu. Hata siku hiyo sikusikia kichefuchefu kama cha pale ofisini. Mbuzi anaoza kwa sababu amekufa. Huyu alikuwa hai, shati limepigwa pasi, anakunywa maji baridi.

Niliyarudisha maji yake mezani, nikatoka.

Kabla hatujaondoka, yule mama alinishika mkono. "Dada, na hii tumekunywa, itatoka?"

Nilimpeleka hospitalini pamoja na watoto wake. Daktari aliwapima, akasema waendelee kurudi waangaliwe. Sikuweza kumwahidi zaidi ya hapo, wala sikujaribu.

Maofisa wa kaunti walipofika kwa ripoti yangu, kisima kilifungwa siku hiyohiyo, boza likaanza kuleta maji. Tangi lilipofukuliwa, tumbo lake lilikuwa limeliwa na kutu, lina tundu la kupitisha ngumi. Udongo mchafu ulizolewa kwa malori. Maji ya chini ya ardhi bado yanavutwa kwa pampu na kusafishwa, na hakuna anayethubutu kusema kazi hiyo itamalizika lini. Mama alihamisha kibanda chake karibu na bomba jipya.

Meneja alihamishiwa kituo kingine, basi. Nilikutana naye Lodwar juzijuzi, nikitokea nyumbani Kanamkemer kwenda sokoni. Alikuja mbio, ametabasamu. "Ejok!" akanisalimu kwa Kiturkana, akaninyooshea mkono.

Huku kwetu salamu hainyimwi mtu. Niliutazama ule mkono, safi, kucha zimekatwa vizuri, nikahisi chai ile ikinipanda kooni. Nikampita akiwa bado ameunyoosha.