Nguzo ya Mpaka Iliyotembea

Asubuhi niliyotoka Kiyeyi sikuwa na safari. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, jembe limenichosha, na lori la samaki likasimama barabarani likirudi ziwani tupu. Nikamuuliza dereva anakwenda wapi.

"Majanji."

"Kuna nini huko?"

"Maji."

Nikapanda.

Mchana huohuo nilipata kazi. Afisa wa uvuvi, ambaye sote tulimwita Bwana Samaki, alikuwa akitafuta msaidizi.

"Unajua kuogelea?"

"Sijui, Bwana."

"Safi. Aliyekutangulia alijua. Wavuvi wakikasirika, anaruka majini ananiacha peke yangu."

Kazi yenyewe ilikuwa kupima nyavu. Jicho la wavu ni ile nafasi kati ya fundo na fundo. Likiwa dogo mno linakamata ngege wachanga, na kesho ziwa halina samaki. Tuliulowesha wavu kwanza, tukavuta jicho mpaka likanyooka, ndipo tukapima, maana wavu mkavu humdanganya mpimaji. Niliipenda kazi ile, nami niliuliza kila kitu. Kwa nini kamongo ni samaki naye anapumua hewa kama mtu? Samaki aliyezaliwa upande wa Kenya akaja kunenepa kwetu, ni wa nani?

"Muulize samaki," Bwana Samaki alinijibu.

Nchi wakati huo ilikuwa mikononi mwa wanajeshi, na wao hawakuwa na subira na maswali ya namna hiyo. Sajini mmoja aliletwa mwaloni, pale mashua zinaposhusha samaki, kuzuia magendo. Alilitazama ziwa akakasirika: mpaka ulikuwa kwenye ramani, lakini majini hauonekani. Akaamuru nguzo. Tuliipaka rangi nyeupe, tukaisimamisha juu ya kisiwa cha mafunjo ambacho hakuna aliyekumbuka kukiona kikihama. Hata mti mdogo ulikuwa umeota pale, ndege wamejenga. Bwana Samaki alikohoa kidogo. Siku zile kukohoa kulikuwa kusema mengi.

Kisha ikaja dhoruba ya usiku kutoka upande wa Kenya. Kulipokucha, doria ikamkamata Mama Taaka, mjane aliyekuwa akivua kwa mashua yake mwenyewe. Watu walimcheka mwanamke kushika kasia mpaka wakachoka kucheka. Kosa lake lilikuwa kuvuka nguzo, na mashua ingepelekwa Tororo kuuzwa. Nyumba nzima ilikula kutoka kwenye mashua hiyo.

"Afande, mimi nilikuwa palepale ninapovua siku zote," alisema. "Nguzo ndiyo imekuja huku."

"Nguzo ya serikali hapana tembea!"

"Basi twende tukaiangalie."

Boti la jeshi halikuwa na petroli, kama kawaida ya miaka ile. Tukaenda na mashua yake ileile, yeye akipiga kasia. Tulipofika, Sajini aliruka kisiwani, nami nyuma yake. Akaikumbatia nguzo, akaitikisa kwa nguvu zake zote.

"Ona! Imesimama!"

Ilisimama kweli. Kilichokuwa kikienda ni kisiwa; dhoruba ilikuwa imeking'oa, nacho kinaelea. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza, mafunjo yakaupokea kama tanga. Nyuma yetu Majanji ilizidi kuwa ndogo. Mbele, mabati ya mwalo wa Kenya yakaanza kung'aa.

"Mama, leta boti!"

"Siwezi, afande. Nguzo iko mbele yangu. Nikija huko nimevuka."

"Mimi nasema vuka!"

"Utanikamata."

Sajini alikuwa na sare na bunduki, naye anaingia nchi ya watu bila ruhusa. Wakubwa wake hawakuwa watu wa kuelezwa habari za mafunjo. Akavua kofia.

"Mama yangu, nguzo imetembea."

"Sikusikii, afande. Upepo."

"Nguzo imetembea! Boti ni yako! Kuja!"

Akaja, taratibu, kama mtu aliyewahi kanisani.

Tulimshusha Sajini Majanji. "Hakuna mtu ameona kitu," alisema, akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Alipotupa mgongo, Mama Taaka alinishika mkono.

"Panda tena, mwanangu. Umemwona afande akiomba. Usilale hapa."

Safari hiyo tulivuka mpaka kweli. Upande wa pili ndipo nilipopima nyavu mpaka nikastaafu. Vijana, nimewauliza mabwana samaki wa nchi zote mbili yule samaki aliyezaliwa upande mmoja akanenepa upande wa pili ni wa nani, na kila mmoja amenijibu kwamba ni wa kwao.

Dada yake Mama Taaka alikuwa mlangoni akiwasha taa tulipofika ng'ambo jioni ile.

"Na huyu?"

"Kazi yake kupima nyavu."

"Anajua kuogelea?"

"Hajui."

"Basi hatatutoroka. Ingia, baba, ugali uko tayari."

Alinipa kitanda cha kamba chumba cha nyuma. Asubuhi nilipofungua dirisha niliona kisiwa kimekwama mateteni, na dada mtu amekwishafunga kamba kwenye nguzo yetu nyeupe, anaanika shati langu.