Rula Kwenye Paji la Uso

Juzi huko Kimbo fundi alilaza rula ya chuma juu ya kichwa cha injini ya gari langu, na harufu ya parafini ikanirudisha Thika, utotoni, siku baba alipofungua injini ya lori la shamba la mkonge.

"Uso ukiwa na mkwaruzo gasketi haizibi," alimwambia mwenzake, akipapasa uso wa kichwa cha injini, pale gasketi inapokaa kuzuia mvujo. "Huu ni wa kutupa."

Nami nilikuwa nimetoka kukwaruzwa na mkonge shavuni. Nikaangua kilio. "Baba, usinitupe!"

Hakucheka. Aliifuta rula kwa shati, akailaza kwenye paji langu, akachungulia chini yake.

"Wambui, huu umenyooka kabisa."

Sasa najua alikuwa akitafuta mwanga unaopenya chini ya rula, dalili kwamba uso haujanyooka. Paji langu ni la mviringo, lazima aliuona.