Honi ya Mzee Jayanti

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na pikapu za Kijapani zikamiminika Kariakoo, nami nilijiita fundi umeme. Jirani yetu Mzee Jayanti, muuza vitambaa, akaniamini nimuungie taa za tela lake kwenye pikapu. Tukapakia viti vya harusi ya bintiye, tukaondoka.

Mtaa wa Msimbazi trafiki akatusimamisha. Mzee akakanyaga breki, honi ikalia.

“Unanipigia honi mimi?”

“Hapana, afande, mimi nakanyaga breki tu!” Akakanyaga tena amwonyeshe. Ikalia zaidi. Akina mama wa kando ya barabara, wakidhani ni msafara wa harusi, wakapiga vigelegele.

“Nani kakuungia nyaya hizi?”

Nikainama nijifiche. Marehemu mzee wa watu akanishika bega, akasema kwa upole ninaoukumbuka hadi leo: “Huyu hapa, afande. Fundi wangu.”