Bi Spana alifungua feni ya hita, nguvu zikamwishia

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Miguu miwili yenye soksi za sufu imechomoza kwenye mlango wa mbele wa gari la viti kumi na vinne, upande wa abiria, na sauti inatoka chini ya dashibodi ikigombana na skrubu.

"Wewe nawe! Toka! Nimekukosea nini mimi?"

Skrubu inatoka. Mkono uliojaa vumbi unajitokeza, unaidondosha kwenye kifuniko cha ndoo zinakosubiri nyingine mbili, kisha unarudi kulekule gizani.

Mwenye miguu hiyo ana umri wa miaka hamsini na nane, na mtaa mzima unamwita Bi Spana. Kila siku ya shule huwapitia watoto kumi na mmoja nyumba kwa nyumba, wa chekechea na madarasa ya chini, na kuwafikisha kabla ya kengele. Leo hakuna shule. Leo anabadilisha mota ya feni ya hita, peke yake, mbele ya mlango wa jiko lake.

Msomaji anayeishi kwenye joto anaweza kucheka. Hita ya nini? Ajaribu kuishi huku juu, ambako asubuhi ni ukungu na baridi ya kung'ata. Watoto kumi na mmoja wakianza kupumua ndani ya gari lililofungwa, kioo cha mbele kinageuka cheupe. Feni ndiyo inayopuliza hewa ya joto pale kiooni. Isipozunguka, dereva haoni mbele.

"Ilikata roho Alhamisi," anasema Bi Spana kutoka alikojichimbia. "Siku mbili nimeendesha mkono mmoja usukani, mkono mwingine kitambaa. Jana nikasema basi, imetosha. Hawa ni watoto wa watu."

Kabla ya udereva alikuwa mpishi wa shule kwa miaka kumi na tisa. Jiko la shule lilipofungwa alipewa kiinua mgongo chake, akanunua gari hili likiwa limeshatumika na watu watatu. Ufundi hakufundishwa na mtu. Ulimwingia kwa hasira.

"Fundi wa kwanza alinifanya shamba la bibi," anasema. "Gari limekwenda kwake mara tatu kwa kelele ileile moja. Mara ya nne nikashika spana mwenyewe."

Kwa kazi ya leo, gereji ilimtajia bei inayolingana na nauli ya mwezi ya watoto wanne. Mota ya mtumba ameipata kwa nauli ya mtoto mmoja na nusu.

"Nusu ya mtoto ni ipi?" mwandishi anamuuliza.

"Ya chini. Ndiyo inayonichafulia viti."

Anacheka hadi miguu inatikisika. Hivyo ndivyo makala hii ilivyotakiwa kuwa: nyepesi, ya mama mchangamfu anayejitengenezea gari lake, ya kusomwa na chai. Kufikia saa nne makala hiyo ilikuwa imekufa.

Kazi yenyewe si ya kutisha. Alikwisha kulegeza waya wa betri, akachomoa droo ya dashibodi, akafungua skrubu tatu zinazoshikilia mota. Kilichobaki ni kuchomoa plagi ya umeme, kuitoa mota kuukuu na kuiweka mpya. Akaivuta plagi. Haikutoka. Akaivuta tena, akaguna. Ikatoka vipande vipande, na hapo harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa gari zima.

Bi Spana akatoka kinyumenyume, taratibu, ameshika kitu kiganjani.

Plagi hiyo zamani ilikuwa nyeupe. Sasa ilikuwa kahawia, imeyeyuka ikajikunja, na waya zake zilikuwa uchi kwa urefu wa kidole kizima. Mwandishi akainama kutazama zilikotoka. Zulia linaloziba chini ya dashibodi lilikuwa na tundu la ukubwa wa kisahani cha chai, kingo zake nyeusi tii, zinavunjika ukizigusa. Ni pale hasa abiria wa mbele anapoweka miguu.

"Mungu wangu," akasema Bi Spana. Akakaa chini palepale kwenye saruji. "Mungu wangu mie! Hapa pameungua."

Mwandishi wa makala hii ameshasimama kwenye ajali nyingi akiwa na kalamu mkononi. Hata hivyo mbele ya tundu lile dogo alisahau kuandika. Gari hili lilipakia watoto jana tu.

Kwa kutojua magari, mwandishi akauliza swali la kijinga. "Lakini si kuna fyuzi? Si ingekatika kabla waya haujaungua?"

Bi Spana alimtazama mwandishi, akatazama gari, na uso ukambadilika. Akainuka, akazunguka hadi upande wa dereva, akafungua kifuniko kidogo chini ya usukani, akachomoa fyuzi kwa kucha mbili. Iling'aa. Ilikuwa imefungwa foili, ile ya kufungia chakula.

"Ni mimi," akasema. "Jamani, ni mimi mwenyewe."

Ilikuwa mwezi mmoja nyuma, Jumanne ya mvua. Fyuzi ya feni ilikatika watoto wakiwa ndani, kioo kikawa cheupe, kengele ya shule imebakiza nusu saa. Kijiweni, madereva wanaosubiri abiria wana dawa yao ya siku zote: fyuzi ikikatika unaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, unairudisha, maisha yanaendelea. Bi Spana havuti sigara. Akaomba foili iliyofunga mkate wa mtoto mmoja.

"Wenzangu wanazungusha mara moja. Mimi nikaikunja mara nne," anasema. "Mara nne! Kwa sababu mimi mpishi bwana, nikifunga kitu nakifunga. Feni ikavuma, watoto wakanipigia makofi. Nikajiona fundi kwelikweli."

Alikusudia kununua fyuzi jioni ileile. Bei yake haizidi ya kiberiti. Jioni akapitiwa, kesho yake feni ikafanya kazi vizuri, na keshokutwa yake, hadi foili ikamtoka kabisa akilini.

Akaitwa fundi umeme wa magari kutoka mtaa wa pili. Alipoona plagi alipiga mluzi, akavua kofia.

"Mama, fyuzi ilikuwa inakatika kwa sababu mota ilikuwa inazeeka," alimweleza. "Mota nzito inakula umeme mwingi. Fyuzi ilikuwa inakuambia, wewe ukaiziba mdomo. Basi umeme ukapita tu, waya ukachemka. Na Alhamisi haikufa mota. Ulikatika waya, umeyeyuka wenyewe. Usingekatika ungewaka."

"Na watoto ndani?"

"Na watoto ndani."

Wakati huo mjukuu wa Bi Spana, wa miaka sita, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha uji. Yeye ndiye abiria wa kiti cha mbele. Ni heshima ya mjukuu, na wenzake wote humwonea wivu.

"Bibi, hapo ndipo miguu yangu ilikuwa inapata moto," akasema.

Watu wazima wote watatu wakamgeukia.

"Nilikwambia," mtoto akaendelea, bila lawama, kama anayetaja rangi ya gari. "Ukasema nishukuru, wenzangu nyuma wanatetemeka. Na nikasema kunanuka. Ukasema ni viatu vyangu."

Hapo nguvu zikamwishia. Bi Spana akajifunika uso kwa mikono ileile yenye vumbi na kulia kwa sauti, mama mtu mzima, mchana kweupe. Binti yake, mama wa mtoto huyo, akaja mbio kutoka kwenye kamba ya nguo, mikono ina povu. Alipoelezwa akashika kichwa.

"Aliniambia na mimi, Mama. Nikamjibu, mwambie bibi yako." Akamvuta mtoto kifuani, akamlowesha fulana kwa sabuni, na hakumwachia kwa muda mrefu.

Kufikia adhuhuri fundi alikuwa amebadilisha waya na plagi, akaweka fyuzi halali. Mota mpya ikafungwa na Bi Spana mwenyewe, skrubu moja baada ya nyingine, midomo ameikaza. Swichi ikawashwa. Feni ikapuliza hewa safi, ya nguvu, bila kelele. Hakuna aliyeshangilia.

Fundi akakusanya vifaa vyake. "Haya mambo yaishie hapahapa uani," akasema kwa sauti ya chini. "Gari limepona, watoto wazima. Wazazi wakiambiwa itawasaidia nini?"

Binti naye akaunga mkono. Nauli za watoto kumi na mmoja ndizo zinazolipa kodi ya nyumba na karo ya mjukuu. "Wakijua tumekwisha, Mama. Nani atampandisha mwanawe tena?"

Bi Spana aliigeuzageuza ile plagi. Kisha akamwomba binti yake mfuko wa plastiki wa kuitia.

"Watoto wa watu wamekaa juu ya moto mwezi mzima," akasema, "na wazazi wao wananiamkia shikamoo kila asubuhi. Jumatatu naionyesha kila mlango."

Fundi akatikisa kichwa, akaondoka. Binti akaingia ndani, na siku nzima ya Jumapili, anasema Bi Spana, nyumba ile ilizungumza kwa vijiko na sahani tu.

Jumatatu mwandishi akaomba kupanda naye. Mjukuu alitangulia kuingia, na bila kuambiwa na mtu alipita hadi kiti cha nyuma kabisa. Bibi yake alimwona kwenye kioo, akawasha gari.

Geti la kwanza ni la baba mmoja mshona nguo. Alisikiliza yote, akaichukua plagi, akaisogeza karibu na macho kama anayekagua mshono.

"Ungenyamaza ningejuaje?"

"Usingejua, baba."

"Nionyeshe hiyo fyuzi mpya."

Akaonyeshwa. Akapiga magoti kwenye umande, akapapasa waya kwa mkono wake, kisha akamwinua mwanawe na kumketisha. "Haya. Wahi."

Geti la pili lilikuwa vita. Bibi wa mtoto wa pale alipaza sauti hadi majirani wakafungua madirisha. "Ulitaka kutuulia mtoto! Wewe mtu mzima huoni haya?" Bi Spana akasimama akipokea yote, mikono nyuma. Alipomaliza kumsema, yule bibi akatazama saa, akasonya, akamsukuma mtoto ndani ya gari. "Na uende polepole!"

Kwenye geti la nne alitoka mama wa mapacha, muuguzi, sare ameshaivaa. Huyu hakupiga kelele. Aliitazama plagi pande zote. Mapacha walikuwa wameshaweka mguu kwenye ngazi ya gari. Akawashusha, mmoja mmoja.

"Asante kwa kuniambia, Bi Spana," alisema. "Kweli nakushukuru. Lakini hawapandi."

"Ni haki yako, mwanangu. Hata mimi nisingewapandisha."

"Mwezi mzima!" akasema yule mama, na machozi yakamjaa. "Mwezi mzima nimekuwa nikiwapungia mkono!"

Bi Spana alirudi kwenye usukani, akaendelea na safari.

Walipofika shuleni walishuka watoto sita, mbali na mjukuu. Watano hawakuja. Ni karibu nusu ya kipato cha nyumba, kimeondoka ndani ya saa moja.

Kurudi, alipitia kijiweni. Aliiweka plagi juu ya boneti la gari la mbele bila kuhutubia. Madereva wakaizunguka. Mmoja akatania, "Bi Spana, umechoma mishikaki?" Wenzake wakacheka. Alipowaeleza miguu ya nani ilikuwa hapo chini, vicheko vikakatika. Yule aliyetania ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kwenye gari lake, akapekua chini ya usukani, na kutoka na kipande kidogo kinachong'aa amekifumbata. Hakumtazama mtu.

Je, Bi Spana anajuta kusema?

"Najuta foili. Kusema sijuti. Ila inauma, nisikudanganye. Tangu usiku wa jana napiga hesabu ya nyumba hii mpaka kichwa kinaniuma."

Mpango wake si mkubwa. Hataki gari jipya, hataki mchango. Sasa kila Jumamosi atafungua na kukagua waya zote, na mzazi yeyote anayetaka atakaribishwa kutazama. Mageti ya wale watoto watano hataki kuyagonga kuomba msamaha mara ya pili, anasema, kwa kuwa mtu aliyeshtushwa hivyo habembelezwi.

"Nitapita kila asubuhi, saa ileile. Sipigi honi, siiti mtu. Nitapunguza mwendo tu, wajue kwamba bado napita."

"Na wasipotoka?"

"Basi naongeza gia, naenda zangu."

Jumanne, saa moja kasorobo. Gari linapunguza mwendo mbele ya geti la muuguzi. Mapacha wako dirishani, wameshavaa sare, wanapunga mikono kwa nguvu zao zote. Bi Spana anawapungia. Nyuma yao anatokea mama yao, anasimama, mkono mmoja juu ya kila kichwa. Hafungi pazia. Hafungui mlango pia.

Bi Spana anasubiri kidogo, kioo cha mbele kikiwa safi kabisa. Kisha anaweka gia.

"Kesho," anasema.