Nilikuwa nafuta jina la mume wangu, akafa halijaisha

Admin, nifiche vizuri, maana Morogoro mji mdogo na wifi zangu wanashinda humu kwenye ukurasa wako.

Nina miaka 31, ni fundi cherehani, naishi Mazimbu na binti yangu mmoja. Nimetoka eda wiki mbili zilizopita. Mume wangu alikuwa mwalimu wa sekondari. Enzi za uchumba, kwa utoto wetu, nilichora tatoo ya jina lake ndani ya mkono wa kushoto, herufi kubwa nyeusi. Yeye ndiye aliyenipeleka, akanishika mkono wa pili nikiwa nalia. Mama yake, ambaye analima huko juu milimani, alipoiona alicheka sana. Akasema, "Basi mwanangu hapotei tena."

Mwaka jana mume wangu alirudi kazini, akala, akanawa, akaniambia, "Mke wangu, hilo jina tulifute." Nikamuuliza kwa nini. Akasema dini hairuhusu. Huyu ni mtu ambaye Ijumaa kukiwa na mpira nilikuwa namsukuma aende msikitini. Halafu akaongeza, "Na tusimwambie mtu, hasa mama." Hapo nikajua kuna mwanamke. Mdomo wangu hauna breki, nilimwambia hivyo hivyo, na yeye hakubisha wala hakukubali.

Tukawa tunakwenda Dar kufuta kwa leza. Jamani, mnaochora mkidhani kufuta ni rahisi, kila mpigo ni kama tone la mafuta ya maandazi yanayochemka. Mkono unavimba, unatoka malengelenge, unakaa wiki nzima huwezi kushika hata mkasi. Yeye ndiye alikuwa ananipaka dawa na kunipepea kwa daftari za wanafunzi. Dada wa mashine alisema kila awamu lazima ngozi ipumzike kama miezi miwili. Mume wangu akamuuliza, "Haiwezekani kuharakisha?" Kwenye basi nikamrukia, "Una haraka gani, huyo mwenzangu anasubiri mlangoni?" Akageukia dirishani mpaka tumepita Mikese.

Baada ya awamu ya tatu wino ulikuwa umepauka, lakini na ngozi nayo ikapauka, mabaka meupe, na herufi mbili za katikati zikaota kovu la kuvimba. Jina bado lilisomeka, ila kama ubao uliofutwa kwa mkono mkavu. Nilijiona kituko. Usiku ule ule nikamwambia neno ambalo nikilikumbuka natamani kung'oa ulimi wangu. Nilimwambia, "Likiisha hili jina, na wewe umeisha kwangu." Akanijibu kwa upole, "Sawa mama, ilimradi liishe."

Awamu ya nne hatukuifikia. Alianguka shuleni, hospitali wakampokea akiwa ameshafariki.

Tukamzika kwao milimani. Wanawake waliponiogesha kama desturi, bibi mmoja, mtani wa ukoo wao, akauona mkono wangu. Akatoka uani akapaza sauti, "Jamani, mwalimu hajatoka darasani, mwanafunzi kashafuta ubao." Mtani msibani hakasirikiwi, mnajua, na watu walicheka kweli. Mama mkwe hakucheka. Kuanzia pale hakuniongelesha tena, na wifi zangu wakawa wananiita mfutaji.

Nikiwa eda nikafungua begi lake la shule. Ndani ya daftari la maandalio ya masomo nikakuta kadi ya kliniki ya moyo. Alianza kuhudhuria wiki ile ile aliyoniambia tufute jina. Nyuma ya kadi kuna mwandiko wake: Paa la jiko. Cherehani ya umeme. Jina. Paa na cherehani amevitia tiki kwa kalamu nyekundu, na kweli alivitimiza vyote viwili, mimi nikidhani ananihonga kwa sababu ya mwanamke wake. Jina halina tiki.

Alikuwa anajua anakufa. Hakutaka nibaki na miaka yangu hii huku mkono wangu ni wa mtu aliyelala kaburini. Na mimi kwa miezi yote ile nilimlipa matusi.

Nilipotoka eda nikapanda kwenda kumsalimia mama mkwe, kadi ikiwa kwenye mkoba. "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba bila kuniangalia. Baadaye akanivuta mkono, akapandisha mkono wa gauni langu hadi begani, akapapasa lile kovu kwa kidole gumba, taratibu. Akasema, "Hapa palikuwa na mwanangu. Nani alikutuma umpoteze?"

Jibu lilikuwa ndani ya mkoba. Lakini mama huyu kila anayekuja kumpa pole anamwambia mwanawe hakuugua hata siku moja, Mungu alimchukua bila mateso. Hicho ndicho kinachomlaza usingizi. Na kila likizo alikuwa anamwita aje ambebee mikungu ya ndizi kuteremka nayo bondeni, mpaka ile likizo ya mwisho. Mwanawe alibeba na moyo ule mgonjwa, akanyamaza. Nikimpa kadi atahesabu kila mkungu.

Nikamwambia, "Nisamehe mama." Akauachia mkono wangu.

Dada wa mashine amenipigia, anasema ngozi imepumzika vya kutosha, niende nimalize. Nimeshika kalamu nyekundu ya mume wangu tangu asubuhi, nilitie tiki lile Jina kwenye kadi, na mkono hauendi. Nilitaka kuwauliza tu, hasa nyie mliozaa watoto wa kiume: mngekuwa nyie ndio yule mama, mngetaka kuiona hiyo kadi? Au niendelee kuwa mwanamke aliyemfuta mwanawe?