Picha Inayomwinamia Mgeni

Nakumbuka Jumapili niliyotundika picha vibaya, na pima maji mkononi. Mwanangu, wewe hujaanza hata kutembea, nami sina mvi za kutolea nasaha. Lakini kosa lile lilikuwa langu, na aliyenikosoa ana haki ya kusema, kwa hiyo nakuachia neno lake mapema.

Nilijifundisha kuchora peke yangu, hapa hapa Ruiru, kwa penseli. Kila nilichomaliza nilikiona kina kasoro, nikakificha nyuma ya kabati. Ukoo uliita kazi yangu mchezo. Ambaye hakuwa amesema lolote ni Shosho, nyanya yangu wa Thika, na neno lake ndilo nililolingoja. Basi nikamchora yeye, kitambaa kichwani, anacheka na pengo lake. Hiyo sikuificha. Niliitia fremu ya kioo, nikaitundika kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, sawa na kimo cha macho yangu, imelala bapa ukutani. Niliipima na kuipima tena, mpaka mama yako akaniuliza kama ukuta unaumwa.

Shosho alifika, akakaribishwa kwenye kochi, akapewa chai. Nikamwonyesha picha. Aliitazama akiwa palepale kochini.

“Mume wangu,” akasema, maana nimebeba jina la marehemu mumewe na ndivyo anavyoniita, “umechora dirisha vizuri sana. Hata pazia.”

Mama yako alikimbilia jikoni kucheka. Mimi nikanyanyuka niishushe picha, lakini Shosho akaniambia nije niketi kando yake kwanza. Nikaketi, nikaona. Kioo kilikuwa kimejaa dirisha, uso wake haumo. Siku zote nilikuwa nimeitazama nikiwa nimesimama mbele yake, mwili wangu ukiziba mwanga.

“Hii umemtundikia mtu anayepita,” akasema. “Nyumbani mgeni huketi.”

Akanikumbusha picha za sebuleni kwake, zilizo juu na kuinama mbele, ambazo nilizoea kuzicheka nikidhani misumari imechoka. Akaniagiza nipandishe msumari, na nyuma ya fremu niifunge kamba chini zaidi. Picha ikainama. Dirisha likatoka kwenye kioo, yeye akaingia.

Aliweka kikombe chini, akakitengeneza kitambaa chake kichwani kama aliyepata mgeni wa heshima.

“Huyu mama nampenda,” akasema. “Hata pengo langu hukulionea haya. Wakikuuliza kazi yako ni nini, waambie waje waketi hapa.”

Mwanangu, ujuzi hauzeeki. Ukitengeneza kitu cha nyumbani, usikipime kwa macho yako ya fundi peke yake. Keti pale atakapoketi mwenzako. Na usikifiche kwa kuogopa kasoro, kwani kasoro nyingine huzioni mpaka mtu aje. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, walijua. Mungu akupe mikono isiyochoka, na watu wa kukuambia ukweli huku wanakunywa chai yako.

Wasiwasi haujaniisha, na bado napima sana. Lakini siku hizi nikiulizwa kazi yangu, najibu bila kutazama chini: mimi ni mchoraji.