Nanuli na Shuka la Bi Cosimina

Nanuli alitufikia na viatu vya mbao, na hilo ndilo lililonikera kwanza. Hapa Monopoli, pwani ya Italia, huku mji wa kale, tukishamaliza chakula cha mchana tunafunga madirisha tunalala. Wavuvi wanalala, padri analala, hata paka wanajinyoosha kivulini mpaka jua lipoe. Sasa mwanamke huyu mapumziko yake yalikuwa Alhamisi mchana tu, na kwake yeye kupumzika ni kutembea. Basi kila Alhamisi, ndiyo kwanza usingizi umeninyemelea, nasikia ko, ko, ko juu ya mawe ya uchochoro, chini ya dirisha langu.

Siku moja nikafungua kidogo. "Wewe mama! Kwenu hakuna vitanda?"

"Vipo, dada," akanijibu bila hata kusimama. "Lakini sikusafiri mbali hivi nije kulala."

Jeuri ile! Nikafunga dirisha kwa kishindo, halafu usingizi wenyewe ukakataa kurudi.

Alikuwa ametoka Jojia, nchi ya milima ng'ambo ya Bahari Nyeusi. Alifanya kazi kiwanda cha chai mpaka kikafungwa, akaja kwetu kulea wazee kama wengi wa kwao wanavyofanya. Alikuja kwa Bi Cosimina, anayekaa ghorofa ya tatu, juu ya kichwa changu. Bi Cosimina amekula chumvi nyingi. Alivunjika nyonga, na tangu siku hiyo hajakanyaga uchochoro, maana ngazi za nyumba yetu ni nyembamba na zimesimama wima, mtu mzima na akili zake anazishuka ameshika ukuta. Miguu ilikufa, ulimi haukufa. Walezi waliomtangulia Nanuli waliondoka wanalia. Nanuli alipotukanwa asubuhi ya kwanza alicheka, akasema mama yake mzazi anatukana vizuri zaidi.

Tuje kwenye hayo matembezi. Mji wetu ulijengwa ili maharamia wapotee, na mgeni yeyote ni haramia mbele ya vichochoro hivi. Nanuli alitaka kanisa akatokea baharini, alitaka ukuta wa bandari akatokea tena mlangoni kwangu jasho linamtiririka. Wa kumwuliza hayupo, mji mzima unakoroma. Alikuwa akizunguka hivyo mpaka jua lipungue, milango ifunguliwe, watu watoe viti vyao nje, ndipo anamsogelea wa kwanza anayemwona.

"Samahani, nimepotea. Nakaa kwa Bi Cosimina."

"Cosimina yupi? Wa marehemu Vito? Kumbe yu hai?"

"Yu hai. Asubuhi kaniita ng'ombe."

"Basi ndiye! Msalimie sana."

Naye kweli alizifikisha salamu. Wengine wakiambiwa msalimie fulani wanaitikia tu, salamu inaishia hapo hapo. Nanuli alizipeleka zote juu, akazimwaga kitandani kwa bibi kama mtu anayemwaga samaki kutoka kapuni. Nilikuwa nazisikia kwa dirisha. Mzee Onofrio, anayepaka rangi mashua za buluu pale bandari ya zamani, anakusalimu. "Onofrio? Mwambie sijasahau tini zangu alizoiba tukiwa watoto!" Alhamisi iliyofuata ujumbe ulifika bandarini, na Mzee Onofrio akacheka mpaka akaangusha brashi majini. "Mwambie zilikuwa mbichi! Niliharisha!" Bi Cosimina alipopata jibu hilo alicheka naye, na mimi huku chini nikajikuta nacheka peke yangu na bakuli la maharage mapajani.

Ikawa ndiyo kazi yao. Bibi anaamuru kutoka kitandani, Nanuli anatembea. Leo pita nyuma ya ngome, uniangalie kama Palma bado anauza konokono au keshajifanya tajiri. Leo shuka hadi kanisa la Mtakatifu Salvatore, unusishe pua yako mlangoni, uniambie kama bado pananuka unyevu. Nanuli alirudi na habari, na bibi akambishia, "Hapana, mlango wa akina Lapenna ni wa kijani," na Nanuli anasema ulikuwa wa kijani, Bi Cosimina, sasa ni wa kahawia, na wanabishana hapo mpaka supu inapoa. Kabla mwaka haujatimia mwanamke yule wa milimani aliujua mji wetu kuliko mimi niliyezaliwa humu, maana mimi naenda sokoni na kanisani, nikimaliza nakaa kitini pangu. Mjini wakamwita Mjojia wa Alhamisi.

Viatu vyake nilivikomesha mwenyewe. Nilimshonea ndara za kitambaa, nikampa, nikamwambia vaa hizi au nitakumwagia maji. Jioni ile alikaa kitini karibu nami kwa mara ya kwanza. Akaniambia mama yake alifariki majira ya baridi, naye hakuweza kwenda. Mazishi aliyaona kwenye simu.

"Mkono huu simu, mkono huu supu ya Bi Cosimina," akasema. "Nikitembea, dada, ndipo moyo unatulia kidogo." Nilimwonea huruma, nikamshika mkono, na sisi hatukuwa watu wa kushikana mikono.

Agosti ikafika, na Marilena naye. Marilena ndiye binti pekee wa Bi Cosimina, anakaa Milano na mumewe. Si binti mbaya, niseme hilo mapema. Anapiga simu kila siku, na kila siku anapiga simu kwa hofu. Safari hii alikuja na uamuzi wake mfukoni: amepata nafasi katika nyumba ya wazee karibu na kwake, na sikukuu ya Bikira Maria ikipita, Jumatatu, gari linaondoka na Bi Cosimina ndani. Uchochoro mzima ulisikia, kwa sababu huku kwetu ukitaka siri usifungue dirisha.

"Mama, umekaa huku juu kama ndege tunduni! Nani anapanda kukuona? Niambie mmoja! Ukifa, hata jirani hatajua mpaka unuke!"

"Nataka kufia kitandani mwangu."

"Na mimi nataka kulala usingizi, mama! Miaka minne silali!"

Nilitaka kupanda nimwambie kwamba mimi jirani nina pua na masikio. Lakini goti hili lilikuwa limevimba, na tena, nikijiuliza kwa haki, mara ya mwisho nilipanda lini? Nilibaki kitini. Jioni Nanuli alishuka na takataka, macho mekundu.

"Sasa unga wako umemwagika," nikamwambia.

"Kazi nitapata, dada. Yeye mji mwingine atapata wapi?"

Tangu siku hiyo Bi Cosimina hakutuma salamu kwa mtu. Alhamisi ilipofika alimwambia Nanuli kaa tu, hakuna ninachotaka kujua. Nanuli akatembea hata hivyo. Huko nyuma ya ngome akamkuta Palma anaanika vitambaa, akauliza vya nini. Palma akamweleza: Bikira wetu, yaani picha yake takatifu, anaingia kutoka baharini, anatembezwa mjini, na kila nyumba anakopita inamtandikia kitambaa chake bora kabisa kwenye roshani. Nanuli alirudi ameshaamua. Ikiwa hii ndiyo sikukuu ya mwisho ya Bi Cosimina nyumbani kwake, roshani yake haitakuwa tupu.

Siku yenyewe, baada ya chakula, Marilena na mumewe walishuka bandarini kutafuta mahali pa kusimama kabla watu hawajajaa. Bibi alikuwa anasinzia. Nanuli akamwuliza atandike nini. "Toa unachotaka," bibi akasema, na kugeukia ukutani. Nanuli akafungua kasha. Juu kulikuwa na hariri nyekundu ya harusi, imeliwa na nondo. Chini yake, ndani ya karatasi, kulikuwa na shuka la kitani, jeupe kabisa, pembe zote zimetariziwa kwa mkono, kazi ya miaka. Wewe ungechagua lipi? Alilipiga pasi, akalitandaza kwenye roshani, akaliwekea vyungu vya mrehani juu lisipeperuke. Akasimama kulitazama, akaona limependeza.

Kitu ambacho Palma hakumwambia, kwa sababu nani anaeleza jambo ambalo hata mtoto analijua, ni kwamba kitambaa cha sikukuu ni cha rangi. Chekundu, cha dhahabu, cha buluu. Shuka jeupe la kitani kila mwanamke wa hapa analitarizi mwenyewe na kulificha chini ya kasha, na linatoka siku moja tu. Linaanikwa kwanza kwenye roshani lipate hewa wakati maiti inaoshwa, halafu ndilo sanda yake. Hatupigi kengele wala hatutumi mtu. Watu wanaliona, wanajua.

Mimi niliamka, nikafungua mlango, nikatoa kiti, nikainua macho.

"Cosimina!" Nilipiga yowe ambalo sikujua ninalo. "Mama yangu, Cosimina ametutoka!"

Madirisha yakafunguka pa, pa, pa. Mimi sikungoja mtu. Nilipanda ngazi zile na goti langu bovu, nalia, najilaumu kwa kila siku niliyokaa chini nikisikiliza badala ya kupanda. Nilisukuma mlango. Bi Cosimina alikuwa ameketi kitandani, nywele zimesimama, amekunja uso.

"Kelele za nini? Nani kafa?"

"Wewe!" nikasema.

"Mimi? Saa ngapi?"

Nanuli alitoka jikoni na kitambaa cha vyombo. Nikamwonyesha roshani kwa kidole. Alipoelewa alijishika kichwa kwa mikono miwili, akataka kukimbilia shuka, lakini wapi! Ngazi zilishajaa. Kwetu nyumba yenye msiba haiwashi jiko, majirani ndio wanaoleta chakula, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu kila jiko lilikuwa limeshapika. Waliingia na masinia ya wali na kome, na mchuzi wa nyama, na biringanya za tanuri, na birika la kahawa, wote wanalia, mmoja baada ya mwingine wanapigwa na butwaa mlangoni. Palma alikuja na aproni yake ya jikoni bado kiunoni. Mzee Onofrio alikuja na rangi ya buluu mikononi, amevua kofia, machozi mpaka kwenye ndevu.

"Unalia nini, mwizi wa tini?" Bi Cosimina akamuuliza.

Mzee Onofrio alikaa chini. Hapo hapo sakafuni. Akacheka huku analia, akashindwa kuacha vyote viwili, na chumba kizima kikaangua kicheko naye. Watu hawakuondoka. Waliobaki ngazini waliuliza kuna nini, wakaambiwa yu hai, wakasema basi tupisheni tumwone, hatujamwona siku nyingi. Bi Cosimina aliwapokea mmoja mmoja kama askofu. Huyu alimwambia amenenepa, yule alimwuliza mumewe kaacha kucheza karata au bado. Nanuli alikuwa amejificha jikoni nyuma ya mlango. Nilimkuta amekaa juu ya kindoo kilichopinduliwa. "Nimemwua, dada. Nimemwua akiwa hai."

Hapo ndipo Marilena alipofika chini.

Alisikia habari bandarini. Mtu alimkumbatia tu katikati ya umati, akamwambia pole kwa mama. Alikuja mbio, kiatu kimoja mkononi, na kila aliyemkuta kwenye ngazi, kabla hajauliza lolote, alimshika mkono akampa pole, maana waliojaa ngazini sasa ni waliochelewa, hawajaambiwa kwamba yu hai. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, watu na masufuria na machozi. Alipotokea mlangoni hakuwa na rangi usoni. Akamwona mama yake ameketi, na sahani ya kome mapajani, anatafuna.

Nanuli alitoka jikoni, akasimama mbele ya Marilena. "Ni mimi," akasema. "Sikujua. Nifukuze mimi, yeye hana kosa."

Marilena hakumsikia, au alijifanya. Alienda kupiga magoti kando ya kitanda, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, pembeni ya sahani, akalia kama mtoto. Sisi tulitazama pengine. Nje matarumbeta yalikuwa yameanza, Bikira ameshapokelewa, lakini hakuna aliyesogea roshani.

"Tulia," bibi akamwambia. "Sijafa. Mjojia wangu ndiye kanitangulizia shuka."

"Mama," Marilena akasema, bado kajiinamia, "nilipokuwa napanda ngazi nilijua umekufa. Nilijua kabisa. Na unajua niliwaza nini, Mungu anisamehe? Niliwaza: asante Bwana, amefia nyumbani, sikuwahi kumtoa."

Bi Cosimina alimpapasa nywele kwa muda, kwa mkono wake wenye mafuta ya kome.

"Sasa Jumatatu, na hilo gari lako, unataka nini tena kwangu?" akamuuliza.

Marilena akatikisa kichwa. Hataki kitu.